Daftari Limekushinda? Jinsi ya Kujifunza Excel Mpaka Ikusaidie Kweli Kwenye Biashara

Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi pembeni kidogo ya mji wa Morogoro. Anauza saruji, nondo, misumari, bati, rangi na koki za maji. Usiku mmoja alinipigia simu, sauti imebadilika kabisa, akaniambia kijana wake wa dukani anamwibia. Hela ya kujaza mzigo ilikuwa pungufu kama milioni 1 na laki 8, wakati duka lilikuwa na wateja mwezi mzima. Alishaamua: asubuhi anamfukuza, na ikibidi wanaenda polisi.

Nikamwomba asubiri siku tatu. Nilienda na laptopu, tukakaa na madaftari yake manne tukaingiza mwezi mzima kwenye Excel, mstari kwa mstari. Majibu tuliyoyapata nitayaeleza mbele, maana kwanza inabidi ujue tulichofanya, na wewe uweze kukifanya.

Excel ni nini hasa?

Ni karatasi kubwa ya mistari na safu, yenye visanduku, ambayo inajua kupiga hesabu. Safu zinazoshuka chini zinaitwa kwa herufi (A, B, C), mistari inaitwa kwa namba, na kila kisanduku kina jina lake: C2, F15 na kadhalika. Unamwambia F2 kwamba "wewe ni C2 mara E2", na kuanzia hapo ukibadilisha C2, F2 anajirekebisha mwenyewe.

Huo ndio uchawi wote. Dan Bricklin alipata wazo hili akiwa mwanafunzi wa Harvard Business School, akimtazama mwalimu anajaza jedwali ubaoni. Namba moja ikibadilika, ilibidi zifutwe na kuandikwa upya nyingine zote zinazoitegemea. Yeye na Bob Frankston wakatoa programu ya VisiCalc mwaka 1979. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel ya Microsoft mwaka 1985, kwanza kwa kompyuta za Macintosh, ya Windows ikaja 1987. Mwenye daftari leo anateseka kama yule mwalimu wa ubaoni, tofauti ni kwamba yeye anafuta kwa kalamu.

Sio lazima ununue Excel. Google Sheets ni bure ukiwa na akaunti ya Google, inakaa kwenye simu, na unaweza kuruhusu faili lifunguke hata bando likikata. LibreOffice Calc nayo ni bure kwa kompyuta. Fomula nitakazotaja hapa zinafanya kazi kote. Ila kama kuna uwezekano wa kupata kompyuta, hata ya kuazima, jifunzie huko, kwa sababu kuandika fomula kwa kidole gumba kwenye kioo kidogo kunakatisha tamaa haraka sana.

Kosa la kwanza: kunakili daftari lilivyo

Watu wengi wakifungua Excel wanachora daftari lao upya. Wanaandika "JUMATATU" kwa herufi kubwa, chini yake vitu vilivyouzwa, wanaruka mistari miwili, "JUMANNE", wanaweka rangi, wanaunganisha visanduku ili vichwa vya habari vipendeze. Ukitazama kwa macho inavutia, lakini kompyuta haiwezi kusoma kitu pale.

Kanuni ni hii: tukio moja, mstari mmoja. Mtu amenunua mifuko 40 ya saruji, huo ni mstari mmoja. Amechukua na kilo 2 za misumari, huo ni mstari mwingine. Usiruke mstari, usiunganishe visanduku, usiweke jumla katikati. Vichwa vya safu vinakaa mstari wa kwanza tu. Sisi tuliweka hivi:

A Tarehe, B Bidhaa, C Idadi, D Bei ya kununua, E Bei ya kuuza, F Jumla, G Faida, H Malipo, I Mteja.

Kwenye H unaandika moja kati ya maneno matatu tu: Taslimu, Simu au Mkopo. Safu hiyo ndiyo iliyomwokoa yule kijana.

Kisha fomula mbili. Kwenye F2 andika =C2*E2 na kwenye G2 andika =(E2-D2)*C2. Tuseme saruji inanunuliwa 15,800 na kuuzwa 16,500. Mifuko 40 inaleta mauzo ya 660,000, na faida yake ni 28,000. Ukishaandika fomula mara moja, shika kile kidoti cha kona ya chini ya kisanduku ukivute mpaka mwisho. Mistari yote inajihesabu.

Angalia tena hizo namba mbili: 660,000 imepita mkononi, lakini ya kwako ni 28,000. Daftari la mauzo linakuonyesha ile kubwa kila siku, na ndiyo inayofanya mtu ajione ana hela.

Kompyuta haijui kwamba "simenti" ni saruji

Hapa ndipo tulipopoteza nusu ya siku ya kwanza. Kwenye daftari kijana alikuwa ameandika "saruji", "simenti", "cement" na mara nyingine "mifuko" peke yake. Wewe unaelewa. Kompyuta inaona bidhaa nne tofauti. Hata "saruji" yenye nafasi tupu mwishoni inaweza kuhesabiwa kama neno jingine, na nafasi hiyo huioni kwa macho.

Dawa yake: tengeneza orodha ya bidhaa zako kwenye shiti ya pili, halafu rudi kwenye safu ya Bidhaa, ingia menyu ya Data, chagua Data Validation, na uiambie ikubali majina ya kwenye orodha hiyo tu. Inatokea kishale, unachagua badala ya kuandika. Fanya hivyo hivyo kwa safu ya Malipo. Ni kazi ya dakika kumi, usiiruke.

Namba nazo zina vituko vyake. Ukiandika 15,000/= au "15k" au "elfu 15", hayo ni maneno tayari, sio namba. Ukiyazidisha, Excel inakujibu #VALUE!. Baya zaidi, fomula ya SUM hailalamiki. Inayaruka kimya kimya na kukupa jumla pungufu. Andika 15000 tupu, alama za pesa ziweke baadaye kwenye muonekano wa kisanduku. Njia ya haraka ya kukagua: namba halisi inajisogeza kulia kwa kisanduku, maneno yanakaa kushoto. Ukiona namba imekaa kushoto, ishuku.

Ukiona ##### usiogope, hakuna kilichoharibika. Safu ni nyembamba tu, ipanue.

Namba za simu ndio kichekesho. Unaandika 07 na zinazofuata, ukibonyeza Enter sifuri inatoweka, kwa sababu kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Iambie safu hiyo iwe Text kabla hujaanza kuandika, au anza na alama ya ' kabla ya namba. Namba ya NIDA ni hatari zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zilizobaki inazigeuza sifuri bila kukuambia. Kama unakusanya namba za NIDA za wafanyakazi au wanakikundi, weka Text kwanza, au ziandike na vistari vyake. Zikishageuka sifuri hazirudi.

Tarehe je? Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 5/3 ukimaanisha tano Machi, yenyewe inaelewa Mei tatu. Ukiandika 25/3 inashindwa kabisa na kuacha kama maneno. Kwa hiyo nusu ya tarehe zako zitakuwa na makosa na nusu hazitahesabika. Badilisha mpangilio wa eneo kwenye kompyuta au faili kabla ya kuingiza mstari wa kwanza.

Fomula chache zinatosha

Kuna mamia ya fomula humo ndani. Mwenye duka anahitaji kama sita, na mtu akikuuzia kozi ya fomula mia moja, muulize ngapi kati ya hizo anatumia mwenyewe.

SUM inajumlisha. =SUM(G2:G400) ni faida ya mistari hiyo yote.

SUMIF inajumlisha kwa sharti. =SUMIF(H:H,"Mkopo",F:F) maana yake: tafuta kwenye safu H palipoandikwa Mkopo, nijumlishie kilichopo safu F mstari huo huo. Ukitaka masharti mawili, mfano mkopo wa mteja mmoja tu, tumia SUMIFS: =SUMIFS(F:F,H:H,"Mkopo",I:I,"Fundi Rangi"). Kompyuta nyingine, kutokana na mpangilio wake, zinataka nukta-mkato mahali pa mkato. Fomula ikikataa, jaribu hilo kwanza kabla ya kukata tamaa.

TODAY inakupa tarehe ya leo. =TODAY()-A2 inakuambia deni lina siku ngapi. Ikikuletea tarehe ya ajabu ya miaka ya 1900, usishangae, badilisha kisanduku kiwe Number.

VLOOKUP inatafuta. Kama una shiti inayoitwa Bei, yenye bidhaa kwenye A na bei ya kununua kwenye B, fomula =VLOOKUP(B2,Bei!A:B,2,FALSE) inakuletea bei yenyewe. Hilo neno FALSE usilisahau kamwe. Ukiliacha, Excel inaruhusiwa kuleta kinachokaribiana, na inaweza kukupa bei ya bidhaa nyingine kabisa bila hata kuona aibu.

Kuna mtego mwingine kwenye VLOOKUP ambao sijaona ukisemwa sana. Leo saruji ni 15,800, mwezi ujao imepanda 16,200. Ukibadilisha kwenye shiti ya Bei, mauzo yote ya miezi iliyopita nayo yanasoma bei mpya, na faida ya zamani inabadilika. Kwa hiyo kila jioni au kila mwisho wa wiki, chagua bei zilizojazwa, nakili, bandika hapo hapo kwa kuchagua Values. Hapo namba inaganda.

Asilimia inapokudanganya

Mtu ananunua kitu kwa 10,000, anauza 12,000. Anasema "faida yangu 20%". Ni kweli, ukilinganisha na bei ya kununua. Mteja anabembeleza, anasema nipunguzie hiyo asilimia 20 yako, tusaidiane. Muuzaji anapiga 20% ya 12,000, ambayo ni 2,400, anauza 9,600. Amekula hasara ya 400 huku anaamini ameuza bila faida wala hasara. Ukilinganisha na bei ya kuuza, faida ile ilikuwa 16.7% tu. Weka safu ya =(E2-D2)/E2, iwe ya asilimia, uione kila siku.

VAT nayo ina mtego wa aina hiyo hiyo. Kwa kiwango cha 18%, bei ya 118,000 ambayo VAT imo ndani ina VAT ya 18,000. Wengi wanapiga 118,000 mara 18% wanapata 21,240, wamejizidishia 3,240. Hesabu sahihi ni bei mara 18 gawanya kwa 118. Kiwango chenyewe usikiandike ndani ya kila fomula. Kiweke kisanduku kimoja, tuseme L1, na kwenye fomula ukiite $L$1. Hizo alama za dola hazihusiani na pesa. Zinaizuia fomula isihame na kusoma L2, L3 unapoivuta chini.

Na tuelewane: Excel haitoi risiti ya EFD. Hii ni hesabu yako ya ndani.

Turudi Morogoro

Siku ya tatu jioni tulikuwa na mistari 400 na kitu. Mauzo ya mwezi: 9,600,000. Mzigo uliouzwa ulikuwa umenunuliwa kwa 8,480,000. Faida kabla ya matumizi: 1,120,000. Pango, mshahara wa kijana, umeme na bodaboda vilikula 420,000. Imebaki 700,000.

Shemeji akasimama. "Si unaona? Laki saba iko wapi?"

Tukaandika ile SUMIF ya Mkopo. Ikaleta 1,860,000. Mafundi. Huyu kachukua bati "nitaleta Ijumaa", yule nondo, mwingine rangi ndoo tatu. Kwenye madaftari madeni hayo yalikuwepo yote, kijana aliyaandika vizuri tu, ila yalikuwa yametawanyika kurasa tofauti tofauti na hakuna aliyewahi kuyajumlisha. Kwa maneno mengine, hela iliyoingia mkononi mwezi ule ilikuwa 7,740,000, na mzigo wa kurudishia ulihitaji 8,480,000. Duka lilikuwa na faida na halikuwa na hela, kwa wakati mmoja. Mambo hayo mawili yanawezekana kabisa.

Bado haikufika. Nikamuuliza, na wewe mwenyewe? Akasema yeye hachukui. Dada akiwa jikoni akacheka kwa sauti. Tukaanza kukumbuka: ada ya mtoto, gesi, rambirambi, mchango wa harusi, elfu 20 za hapa na pale kutoka droo. Hizo tulizoweza kuzikumbuka, na zilizoonekana kwenye taarifa ya miamala ya simu yake, zilifika 615,000.

Chukua 700,000, toa 1,860,000, toa 615,000. Pungufu ni 1,775,000. Yeye alisema imepotea 1,800,000. Zilizobaki 25,000 hatujazipata mpaka leo, na kwa duka lile hiyo ni mifuko miwili ya saruji haifiki.

Kijana bado yupo pale.

Usiiamini Excel kuliko inavyostahili

Makosa yapo hata kwa wakubwa. Oktoba 2020 huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa Uviko walikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu faili la aina ya zamani ya Excel lilijaa. Aina hiyo, ile ya .xls, mwisho wake ni mistari 65,536, wakati ya sasa inafika 1,048,576. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipitia faili la wachumi maarufu wa Harvard, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, akakuta fomula ya wastani iliwaacha nje mataifa matano. Utafiti huo ulikuwa unatajwa na wanasiasa kwenye mijadala ya madeni ya nchi.

Kosa lao na wewe unaweza kulifanya: umeandika =SUM(G2:G400), mauzo yakafika mstari wa 450, fomula bado inaishia 400. Ndio maana napenda kubonyeza Ctrl+T, ambayo inageuza data kuwa jedwali linalojipanua lenyewe. Na kila jioni linganisha jumla ya Taslimu na hela iliyopo kwenye droo, na jumla ya Simu na salio la laini ya biashara. Zisipolingana, tafuta siku hiyo hiyo, wiki ikipita hutakumbuka.

Faili lisikae sehemu moja. Simu inaibiwa, laptopu inamwagikiwa chai. Google Sheets inajihifadhi mtandaoni na inatunza historia ya mabadiliko, unaweza kuona nani alibadilisha nini na saa ngapi. Kama mnaandika wawili, hilo peke yake ni sababu ya kuitumia.

Kuhusu kujifunza, video za Kiswahili ziko nyingi YouTube, lakini ukiangalia bila kufanya unasahau kesho. Chukua mauzo yako ya wiki moja tu, ya kweli, uyaingize. Wiki ya pili weka SUMIF. Ukishazoea, chagua data yote, ingia Insert, bonyeza PivotTable, vuta Bidhaa upande wa mistari na Faida upande wa thamani. Shemeji alipofanya hivyo aligundua misumari na koki, vitu alivyokuwa anaviona vya kujazia rafu, vina asilimia nzuri ya faida kuliko saruji yote ile inayomvunja mgongo.

Kitu kimoja tulikisahau siku ile. Shemeji alipoanza kuwapigia mafundi, wawili wakasema wameshalipa. Mmoja alikuwa na ujumbe wa muamala kwenye simu yake, ni kweli alilipa, hakuna aliyeandika. Ndipo tukaongeza safu ya J, Tarehe aliyolipa, na fomula ya madeni ikawa =SUMIFS(F:F,H:H,"Mkopo",J:J,""), yaani mkopo ambao J yake bado ni tupu. Fundi akilipa unajaza tarehe, na deni linajitoa lenyewe kwenye jumla.